Fundi Shiundu na Maji ya Mbotela

Siku watu wa mtaa wa Mbotela, Nairobi, walipomlisha Kahin unga mweupe kwa nguvu, Shiundu fundi wa mabomba alikuwa amesimama hatua kumi kutoka hapo, mkoba wa vifaa begani, na alijua kwamba mtu yule hana hatia. Alijua kuliko yeyote aliyekuwa pale. Na bado alinyamaza.

Ilikuwa Januari mwaka wa tisini na nane, mvua kubwa ya El Nino ikiwa bado inanyesha mwezi ambao kwa kawaida vumbi la Jogoo Road humfanya mtu apige chafya mpaka machozi yamtoke. Lakini ili yaliyotokea siku hiyo yaeleweke, lazima Shiundu mwenyewe ajulikane kwanza.

Alikuwa mtu wa Kabras, magharibi mwa nchi, mrefu, mwembamba, mgongo umeanza kupinda kwa miaka ishirini ya kuinama mitaroni. Aliingia Nairobi akiwa kijana wa kuchimba kwa jembe na sururu, kazi ya mabomba akajifunza kwa kutazama mikono ya wenzake. Kufikia miaka ya tisini aliijua Mbotela kwa chini kuliko wengi walivyoijua kwa juu. Ungemuuliza nyumba ya fulani iko wapi, angekujibu, "Pale paipu ya inchi mbili inapokata kona." Watu walimwita Fundi tu. Hakuwa mlevi, hakuwa na maneno mengi, na Jumapili aliimba besi kanisani.

Mkewe Lorine alikuwa wa kwao Endebess. Mwaka wa tisini na mbili alienda huko kumzika shangazi yake, akakuta karatasi zimetupwa njiani, zimeandikwa kwa mkono, zikiwaambia watu wa lugha yao wafunge mizigo. Wazee walizisoma, wakacheka, wakaziwashia moto. Siku ya saba nyumba ya baba yake ilichomwa, na mdogo wake akauawa kwa mshale akiwa kwenye mahindi. Lorine alirudi Mbotela na mama yake na sufuria moja. Walipofika, kuna majirani waliowaambia watoto wao wasicheze karibu na nyumba ya Fundi, eti wakimbizi wa mapigano wamekuja na chawa. Lorine hakuwahi kuyasahau hayo. Shiundu pia hakuyasahau, ila kwake yalikuwa ni jambo la mke wake.

Sasa, kulikuwa na mzee mmoja wa kanisa lao, jina lake Opicho. Alikuwa na vyumba kumi na viwili vya mabati nyuma ya mtaa, kwenye ukingo wa mtaro wa maji taka. Mwezi wa nane mwaka wa tisini na saba alimwita Shiundu amvutie maji.

"Njia ya haki ni kuzungukia barabarani," Shiundu alimwambia. "Ni mwendo, lakini ni salama."

"Na njia fupi?"

"Njia fupi ni kupitia ndani ya mtaro wa choo, mzee. Hiyo si njia."

Opicho akamshika bega, sauti yake laini kama ya mtu anayeombea mgonjwa. "Shiundu, wapangaji wangu wanaingia wiki ijayo. Wewe ni fundi. Funga vizuri, nani atajua?"

Shiundu alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali, kwa sababu Opicho alikuwa mzee wa kanisa, na kwa sababu alikuwa amemwombea Javan, kifungua mimba wa Shiundu, nafasi katika shule ya bweni. Akaunga paipu ya plastiki kwenye bomba kuu linalolisha mifereji ya kuteka maji ya Mbotela, akailaza ndani ya mtaro. Kiungo cha katikati hakikukaa sawa. Akakifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli, akafunika udongo, akaenda zake. Usiku huo hakula.

Mwezi wa kumi mvua ikaanza, na haikuacha. Mtaro ukajaa, ukafurika, vyoo vikarudisha. Maji ya mfereji yalikuwa yakikatwa asubuhi na kurudi alasiri, na kila yakirudi yalianza kutoka na rangi ya chai. Kufikia Krismasi watu walikuwa wanaharisha nyumba kwa nyumba. Mzee mmoja mlinzi alikutwa amekufa kwenye kiti chake getini. Mapacha wa nyumba za chini walikufa siku moja, mmoja kabla ya chakula cha mchana na mwingine baada.

Mlango wa pili kutoka kwa Shiundu aliishi Jecinta, mama wa kutoka Murang'a aliyeuza viazi na karoti sokoni, pamoja na binti yake wa miaka mitano, Eve. Chumba kilichopakana na chake walipanga Kahin na mkewe Hodan. Kahin alikuwa mkimbizi wa Kismayu. Alitoka huko vita vilipoanza, akakaa kambini miaka minne, na kule kambini alifanya kazi na watu wa maji, akipima dawa ya kuua vijidudu kwenye matangi. Mbotela alikuwa akitengeneza cherehani. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, laini kuliko cha majirani, na watoto walipenda kumwigiza.

Alikuwa amebakiwa na dawa ile kidogo, unga mweupe ndani ya mkebe wa maziwa. Maji yalipoanza kunuka, alitia kidogo kwenye pipa lake kila asubuhi, mlango wazi, bila kujificha. Siku Eve alipoanza kutapika, Kahin alibisha kwa Jecinta.

"Mama Eve, usimpe mtoto maji haya hivihivi. Chukua ya kwangu. Yametiwa dawa. Mtilie chumvi kidogo na sukari, anywe, anywe tena, halafu mpeleke hospitali sasa hivi."

Jecinta alichukua maji. Hospitali hakwenda siku hiyo, kwa sababu barabara ilikuwa imejaa maji hadi magotini na alidhani tumbo litatulia. Kesho yake saa tano asubuhi Eve alikufa akiwa mgongoni mwa mama yake, kwenye foleni ya zahanati. Jecinta hakujua. Ni mwanamke aliyekuwa nyuma yake aliyemgusa na kumwambia, "Mama, mteremshe mtoto."

Shiundu alibeba jeneza lile. Lilikuwa dogo kiasi kwamba wanaume wanne waliolishika walikuwa wanagongana mabega. Alipotoka makaburini alienda moja kwa moja kwa Opicho.

"Mzee, ile paipu tuikate leo."

Opicho alikuwa anakunywa chai. "Una hakika ni hiyo?"

"Maji yakikatwa, paipu inanyonya. Kile kiungo kimezama kwenye choo. Inanyonya choo, mzee, halafu maji yakirudi yanasukuma uchafu mpaka kwenye mifereji ya watu wote."

Opicho aliweka kikombe chini polepole. "Ugonjwa huu una miguu, Shiundu. Umetembea kutoka mpakani. Kabla wale wakimbizi hawajaja, tulikuwa tunaharisha hapa?" Kisha akamtazama usoni. "Na ukichimba, watu watauliza ni mkono wa nani ulifunga mpira ule. Utawajibu nini? Una watoto. Ngoja mvua iishe."

Shiundu alirudi nyumbani. Akaketi kitandani na viatu vya makaburini miguuni.

Jumapili asubuhi, kila nyumba ya Mbotela ilikuta karatasi chini ya mlango. Ilikuwa imechapwa kwa taipu na kutolewa nakala nyingi kwa mashine ya stensili, wino bado unachafua vidole. Lorine aliokota yao akaisoma kwa sauti.

"Wakazi wa Mbotela amkeni. Ugonjwa huu una miguu, umetembea kutoka mpakani. Mkimbizi Msomali ameonekana akitia sumu nyeupe kwenye maji. Watoto ishirini na watatu wameshakufa. Wametumwa watumalize ili wachukue nyumba zetu. Serikali haitatusaidia. Jisaidieni. Ni sisi wenye uchungu."

Maneno yale ya miguu na mpaka Shiundu alikuwa ameyasikia siku mbili tu nyuma, kutoka mdomo alioujua.

Lorine aliikunja karatasi mara nne. "Nimewahi kusoma karatasi kama hii, Baba Javan," alisema. "Baba yangu aliiwashia moto akacheka. Unajua kilichofuata. Kahin ni mtu wa kutia sumu?"

"Hapana."

"Unajuaje?"

Hakumjibu. Lorine alimkazia macho, kisha akaenda kumsaidia mama yake kuvaa.

Siku nzima ile karatasi ilitembea. Kanisani ilipita kati ya vitabu vya nyimbo. Kwa kinyozi, watoto ishirini na watatu walikuwa wamefika arubaini. Jioni, mwanamke mmoja aliapa kuwa shemeji yake amemwona Kahin akipanda tangi la maji la mtaa mwingine, ingawa tangi hilo lilikuwa na ngazi iliyovunjika tangu mwaka wa themanini na tisa. Mtu mwingine akasema Hodan hubeba unga ndani ya buibui. Wote waliokuwa wakisimulia walikuwa watu waliowahi kupeleka cherehani kwa Kahin, na wakapewa kiti.

Jumatatu saa sita mchana walimfuata.

Shiundu alikuwa anarudi kutoka kazini aliposikia kelele. Alipokata kona, akaona mlango wa Kahin umeng'olewa bawaba. Cherehani za watu zilikuwa zinatupwa nje moja baada ya nyingine, zikianguka kwenye matope kwa kishindo. Hodan alikuwa ameshikwa nywele na wanawake wawili, buibui limechanwa hadi kiunoni, akipiga mayowe kwa lugha yake. Kahin walimtoa kwa kumburuta miguu. Kichwa chake kiligonga kizingiti, kikagonga ngazi, kikagonga jiwe la kufulia.

"Sumu hii hapa!" Maingi, muuza makaa, aliinua juu ule mkebe wa maziwa.

"Si sumu!" Kahin alisema. "Ni dawa ya maji, wallahi! Muulizeni Mama Eve, nilimpa..."

"Umesikia? Amekiri! Alimpa mtoto!"

Jiwe la kwanza lilimpata mdomoni. La pili haijulikani lilimpata wapi, maana baada ya hapo hakuna aliyekuwa anahesabu. Walimpiga kwa mbao za kitanda chake mwenyewe. Mtu alikanyaga mkono wake wa kulia, mkono wa kazi, akausokota chini ya kisigino kama mtu anayezima sigara. Kisha Maingi akasema, "Kama ni dawa, na ainywe!" Wanaume wawili wakamfungua taya kwa mpini wa ufagio. Maingi akamimina unga wote uliokuwa mkebeni.

Kahin hakupiga kelele. Alitoa sauti ya maji yanayochemka kwenye birika. Povu likamtoka, jeupe kwanza, kisha la rangi ya waridi, na ngozi ya midomo ikaanza kuvimba watu wakitazama. Kijana fulani alifika akiviringisha tairi, na kila mtu aliyeishi Nairobi miaka ile alijua tairi linatakiwa kwa kazi gani: kumvika mtu shingoni na kuliwasha.

Shiundu alihisi mkoba wake unavutwa. Alipogeuka, Maingi alikuwa ameshachukua spana yake kubwa ya mabomba, ile ya chuma ya futi mbili. Aliiona ikipanda. Aliiona ikishuka kwenye goti la Kahin, na goti likalia kama kijiti kikavu. Ilipopanda mara ya pili, Shiundu akasikia sauti ikisema, "Ni mimi." Akagundua ni sauti yake.

"Ni mimi!" alipiga kelele. "Maji ni mimi! Mwacheni!"

Wengi hawakumwelewa. Akajisukuma katikati, akapiga magoti juu ya Kahin, akamfunika kwa mwili wake. "Niliunga paipu ndani ya choo! Mimi kwa mikono yangu! Mnakunywa choo cha vyumba vya Opicho, si sumu ya mtu huyu! Chimbeni! Chimbeni pale mtaroni kama mimi mwongo!"

Halafu mtu akasema, "Wamemlipa!" Spana ikashuka. Shiundu aliinua mkono wa kushoto kujikinga, na mfupa wa kiganja ukavunjika mahali pawili. Mateke yakamjia ubavuni, mgongoni, sikioni. Alimng'ang'ania Kahin shati. Damu ya Kahin ilikuwa inamwingia machoni, na ile harufu kali ya dawa ilimkaba koo. Aliwaza kwamba wataliweka tairi juu yao wawili pamoja.

Aliyewazuia alikuwa Jecinta.

Alikuwa amekaa mlangoni kwake tangu asubuhi, kanga ya msiba kichwani. Sasa alipita kati ya wanaume wale, na walimpisha, kwa sababu fujo yote ile ilikuwa inafanywa kwa jina la mtoto wake.

"Maingi, weka hiyo chuma chini," alisema. "Mtoto ni wangu. Si wako. Fundi, umesema nini?"

Shiundu akayarudia maneno yale, meno mawili yakiwa yamelegea mdomoni.

"Basi nionyeshe," Jecinta akasema. "Na ukiwa umenidanganya, nitaliwasha tairi hilo mimi mwenyewe."

Hakuweza kusimama vizuri. Lorine ndiye aliyetokea na jembe, akamkokota mumewe kwa kumshika kwapa moja, mpaka nyuma ya mtaa, kundi zima likiwafuata. Kahin alibaki chini, kichwa kwenye mapaja ya Hodan. Mama yake Lorine alibaki nao, akimwaga maziwa kwenye kile kinywa kilichoungua.

Lorine alichimba. Hakumwachia mtu yeyote jembe. Alisimama ndani ya kinyesi hadi kwenye muundi, na kila alipopiga jembe alikuwa analia bila sauti, maana sasa alikuwa ameelewa kwa nini mumewe hakumjibu Jumapili. Paipu ikaonekana, nyeusi, imelala kwenye uchafu kama utumbo. Kisha kile kiungo na ule mpira wa baiskeli, umeoza, umefunguka upande mmoja.

"Fungeni koki ya juu, ya bomba kuu," Shiundu alisema. "Mifereji ya chini iacheni wazi. Hivyo ndivyo inavyokuwa maji yakikatwa."

Mtu akafunga. Jecinta akateremka mtaroni, akazamisha mkono mpaka kwenye kiungo. Watu walinyamaza hadi wakasikia wenyewe, sauti ndogo ya kufyonza, kama ya mtoto anayemalizia soda. Kiganja cha Jecinta kilivutwa kikanata kwenye ufa. Akakitoa, akakirudisha, kikavutwa tena. Akakaa pale chini ndani ya choo, na ndipo kilio chake, ambacho hakuna aliyekisikia makaburini, kikatoka.

Shiundu alidhani ukweli ungewatuliza. Alikuwa amewaza, katika ule muda mfupi wa jembe, kwamba watu wakishaona wataona aibu, waende nyumbani. Lakini hasira ile haikuwa imeisha, ilikuwa imekosa mtu tu. Mtu akataja jina la Opicho. Kundi likageuka kama maji yaliyopata mteremko.

"Ngojeni!" Shiundu aliita. "Mpelekeni kwa polisi! Msimguse!" Hakuna aliyegeuka.

Vyumba kumi na viwili viliangushwa kwa muda mfupi kuliko wa kupika ugali. Triza, mpangaji aliyekuwa ametoka tu kujifungua, alitoka na kichanga chake mabati yakimwangukia, na mtu akamrushia jiwe kwa sababu tu alikuwa ametoka humo. Opicho walimkuta chini ya kitanda. Ndani ya kabati lake walikuta bunda la karatasi zilezile zilizobaki, na ile stensili yenyewe. Walizijaza mdomoni mwake kama walivyomjaza Kahin unga. Askari walipofika na kufyatua risasi hewani, Opicho alikuwa bado anapumua. Alikufa Jumatano.

Shiundu alienda kituoni mwenyewe siku ya Alhamisi, mkono umefungwa ubao, akasema yote tangu mwezi wa nane. Hakimu alimpa mwaka mmoja na nusu. Alipokuwa anashushwa kizimbani, Lorine alimwambia jambo moja tu: "Ungeongea Jumapili." Kisha akampa sweta.

Maingi na wengine watano walishtakiwa kwa kifo cha Opicho. Kwa yale aliyotendewa Kahin hakushtakiwa mtu, kwa sababu Hodan hakurudi kutoa ushahidi. Alimhamishia mumewe Eastleigh kwa ndugu zao mara tu alipotoka hospitalini. Goti halikupona. Sauti ilibaki mnong'ono.

Paipu ilikatwa, bomba likaoshwa, na baada ya wiki tatu hakuna aliyekufa tena Mbotela. Lakini ile karatasi haikukatwa. Mwezi wa tatu ilionekana mtaa mwingine, nakala ya nakala, herufi zimefifia, na jina la Mbotela limefutwa likaandikwa lingine. Familia moja ya Waethiopia ilipigwa na kufukuzwa kwa sababu yake.

Hapo ndipo Jecinta alipoanza. Hakuwa msomaji mzuri, wala hakuwa msemaji. Lakini kila alfajiri, kabla ya kwenda kuchukua viazi, alienda kusimama kwenye foleni ya maji, mtaa huu leo, mtaa ule kesho, na Lorine alikuwa pamoja naye. Akisikia mtu anataja Wasomali na sumu, alisema, "Huyo mtoto mliyeambiwa alikufa kwa sumu ni wangu. Niulizeni mimi." Akawaeleza mkono wake ulivyovutwa. Wengine walimsikiliza. Wengine walimwita mwendawazimu aliyechanganywa na msiba. Mara moja, sokoni, mwanamume alimzaba kofi mpaka kitambaa kikamtoka kichwani, akisema anawauza wenzake. Jecinta aliokota kitambaa, akakifunga, akaanza upya pale alipokatizwa. Lorine alizikusanya karatasi zote alizozipata na kuzichana vipande vidogo, hakuna hata moja aliyoiwashia moto.

Shiundu alitoka katikati ya mwaka wa tisini na tisa. Mkono wa kushoto ulikuwa umepona vibaya, vidole viwili havikunjiki. Mbotela hakuna aliyemwita tena kufunga bomba, na yeye hakuwalaumu. Alikwenda kwa mlango wa Jecinta siku ya kwanza, akabisha. Jecinta akafungua.

"Sijakusamehe," alisema. "Lakini kesho tunaenda foleni ya Maringo. Uje, wewe ndiye unayejua mambo ya paipu."

Akaenda. Akaenda na kesho yake. Aliwaambia watu jambo gumu kuliko yote, kwamba kosa lilikuwa lake, na akawaacha wamtazame. Kuna waliomtemea mate. Alijipangusa.

Mwisho wa mwaka ule alipata kibarua Njiru, kuchimba msingi na mitaro ya plot moja kando ya Kangundo Road. Siku ya pili, wakiwa wanakula githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, juu ya rundo la mawe, mwashi mmoja aliyeitwa Ndambuki akaanza kuwasimulia wenzake.

"Mnajua ile stori ya Mbotela? Kuna Msomali alimaliza watoto mia moja kwa unga. Maze, mia! Halafu wakaua mzee wa kanisa aliyewagundua."

Shiundu aliweka sahani chini. "Walikufa kumi na mmoja," alisema. "Na haikuwa unga."

"Buda, wewe ulikuwa huko?"

"Nilikuwa."

Akawasimulia. Hakuacha kitu, wala mpira wa baiskeli, wala ile Jumapili aliyonyamaza, wala spana. Alipomaliza, githeri ilikuwa imepoa na msimamizi alikuwa anawatazama kutoka mbali. Ndambuki alitikisa kichwa. "Hiyo ni ya kwako," alisema. "Mimi niliisikia tofauti, na aliyeniambia hawezi kudanganya." Akasimama, akachukua mwiko wake. Lakini kibarua mwingine, mtu mzima kidogo wa Kitui, hakusimama. Alikuwa anauangalia mkono wa Shiundu.

"Na yule Kahin," aliuliza, "yuko wapi sasa?"

"Sijui," Shiundu alisema. "Nilienda Eastleigh mara mbili. Mara ya kwanza Hodan alifungua mlango, akaniona, akaufunga. Mara ya pili niliambiwa wamehama."

"Utaenda tena?"

"Nikisikia waliko, nitaenda."

Yule mtu akatikisa kichwa kukubali, na wakarudi mtaroni.